Wodi ya wanawake katika hospitali moja ya Goma: daktari hodari, bomba kavu

Mama yangu alilazwa siku 19 katika hospitali moja ya hapa Goma, nami nilikesha naye usiku wote huo. Aliingia kwa homa ya mapafu, akachomwa sindano za antibiotiki iitwayo seftriaksoni, na kifua kikaanza kufunguka. Siku ya saba akaanza kuhara maji, mara sita kutwa.

Majirani wa kitanda walinong'ona kuwa ni kipindupindu. Daktari wa zamu aliuliza kwanza ni dawa gani alikuwa akipewa, akapeleka choo kupimwa sumu ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile, na kabla jibu halijarudi alikwisha kusimamisha sindano zile. Alitueleza kwa subira kwamba antibiotiki huua pia bakteria wema wa utumbo, na huyu mbaya hupata nafasi ya kuzaana. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara niliyokwisha kuinunua, aliikataa, kwa sababu kuzuia choo kunaweza kuifungia sumu ndani. Jibu liliporudi alimwandikia vankomisini ya kunywa, antibiotiki inayomuua bakteria huyo, miligramu 125 mara 4 kwa siku, siku 10. Ya mshipani, alisema, haifiki utumboni inavyotakiwa. Kwa tiba, sina ila shukrani.

Ninalolalamikia ni maji. Bakteria huyu hujigeuza mbegu zenye ganda gumu ambazo alkoholi haiziui. Huondolewa mikononi kwa sabuni na maji yanayotiririka, na sakafuni kwa klorini. Chupa za alkoholi zilijaa kila mlangoni, ilhali bomba lilikauka siku tatu mfululizo, tukawa tunanunua maji kwa bidoni. Mama alitumia choo kimoja na wagonjwa wengine kumi kwa siku mbili nzima kabla ya kupewa chumba cha peke yake, na kipimo cha presha kilitoka mkononi mwake kwenda kwa mwingine bila kufutwa. Hilo liliniuma, hasa katika mji ambao mwaka 2019, wakati wa Ebola, kila mlango ulikuwa na ndoo yake ya maji ya klorini.

Ningempeleka tena mgonjwa wangu huko, nikiwa na sabuni na bidoni mbili. Tulipotoka, daktari alituonya kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 huugua tena, akatuagiza tusimpe mama antibiotiki yoyote ya dukani na turudi mara moja kuhara kukianza upya.