Lenzi ya leza ya daiodi: itikise kwanza ndipo uilipie

Mwezi uliopita, kwenye mashine yangu ya kuchonga kwa leza, niliharibu vibao 18 vya meza za harusi. Plaiwudi ya milimita 3, herufi nyembamba za mwandiko, mteja anavisubiri Jumamosi. Kibao cha kwanza kilitoka safi. Kufikia cha nne herufi zilikuwa zimeanza kunenepa, na cha kumi kingo zake zilikuwa nyeusi tii. Nililaumu plaiwudi. Nikakaza mikanda ya mashine, nikachora faili upya. Saa tano usiku nikaigusa lenzi kwa ukucha, ikacheza. Lenzi yenyewe nilikuwa nimeinunua wiki mbili kabla, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniapia kuwa ni glasi na ni orijino.

Kwa hiyo leo sizungumzii wati wala ukubwa wa fremu. Hayo kila muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Nazungumzia hesi za lenzi, yaani ile mifereji ya skrubu inayoishikilia lenzi kwenye kichwa cha leza.

Lenzi nyingi za leza zetu za buluu zina hesi za M9x0.5, yaani kipenyo cha milimita 9, na ukiizungusha lenzi mara moja kamili inasogea milimita 0.5. Sasa piga hesabu. Fokasi ni pale mwanga unapokutana ukawa doa dogo. Lenzi ina umbali wa fokasi wa milimita 4.5, na ubao uko milimita 50 mbele yake. Hapo lenzi ikisogea milimita 0.01 tu, fokasi inahama takriban milimita 1 nzima. Hiyo milimita 0.01 ni mzunguko wa digrii saba tu, ambao jicho halikamati. Feni ya kupoza iko juu yake inatetemeka, kichwa kinakwenda na kurudi mamia ya mara, chuma kinapata moto. Hesi zikiwa legevu, kwa nini lenzi isihame? Dawa yake ni springi ndogo inayokaa nyuma ya lenzi na kuisukuma nje, ili hesi ziegemee upande mmoja muda wote. Ni kitu kidogo mno, lakini ndicho kinachokosekana kwenye pakiti nyingi.

Jambo la pili ni umbo la mwali. Daiodi za nguvu za nanomita 450, yaani hizi za mwanga wa buluu, hazitoi mwanga wa duara. Mwanga unatokea kwenye kijistari chembamba, yaani mstari mdogo sana, unatawanyika sana upande mmoja na kidogo upande wa pili. Kinachofika kwenye ubao ni picha ya kijistari hicho, ndiyo maana mistari ya wima na ya mlalo hailingani unene. Lenzi nzuri inakipunguza kijistari. Kukigeuza kuwa nukta ya duara haiwezi. Anayekuahidi hivyo kwa lenzi moja ya kawaida anakudanganya.

Kwangu lenzi ya kwanza ni C230TMD-A ya kampuni ya Thorlabs, na sifichi kwamba naipendelea. Umbali wake wa fokasi ni milimita 4.51, NA yake (kipimo cha upana wa mwanga ambao lenzi inaweza kuukusanya) ni 0.55, na inakuja tayari ndani ya kikombe cha M9x0.5, ikiwa na utando wa kuzuia mwakisiko kwa mwanga unaoonekana. Nilipoifunga kwenye kichwa cha leza yangu bila springi, ukucha haukuitikisa. Springi haiji nayo, nikahamisha ya zamani. Herufi za milimita 2 zinasomeka, na kibao cha mwisho kinafanana na cha kwanza. Bei inauma, na usafirishaji unauma zaidi, lakini vibao 18 vilivyoharibika navyo vina bei.

Ya pili ni ile ya glasi tatu ndani ya kikombe kimoja. Doa la mwanga wake ni dogo, linafaa picha na maandishi. Inapoteza sehemu ya nguvu kwa sababu mwanga wa pembeni unagonga kikombe badala ya kupita, kwa hiyo kukata kutakuwa polepole. Inunue pamoja na springi yake au uiache.

Ya tatu ni lenzi inayouzwa kwa jina la G2. Ina glasi moja, inakaa karibu sana na daiodi, inakusanya mwanga mwingi. Kwa kukata plaiwudi nene ni sawa. Kwa herufi, hapana: umbali wake mfupi wa fokasi unakikuza kijistari, na pembeni mwa doa kuna mbawa za mwanga zinazounguza kingo. Tena kadiri umbali huo unavyokuwa mfupi, ulegevu uleule wa hesi unaihamisha fokasi zaidi.

Lenzi mbili za silinda ndizo zinazoweza kweli kurekebisha umbo la mwali, lakini zinahitaji nafasi, kishikio chake na subira ya kuzipanga. Kama una fremu ya kawaida ya kuchongea, pita.

Za plastiki usinunue.

Wauzaji wananiumiza moyo. Kwenye picha kuna springi, kwenye pakiti hakuna. Ukiuliza unaambiwa picha ni ya mfano. Tangazo linasema wati 40, kumbe ni umeme unaoingia, si mwanga unaotoka. Nilipomwambia yule wangu kwamba lenzi inacheza, alinijibu niibane kwa supagluu. Mvuke wa supagluu huacha ukungu mweupe juu ya glasi! Mtu anauza lenzi na hilo halijui, halafu hela ya kurudishia mzigo nitoe mimi.

Lenzi ikifika, chomoa umeme wa mashine kwanza. Ifunge hadi nusu ya hesi, isukume kwa ukucha kushoto na kulia. Ikitulia, iweke kwenye fokasi, kisha chora kwa rangi ya kucha mstari mmoja mwembamba kutoka ukingo wa lenzi hadi kwenye mwili wa kichwa. Acha ukauke kabisa, fanya kazi saa moja, zima, angalia. Mstari ukiwa umekatika, irudishe siku hiyohiyo, kabla muda wa malalamiko haujaisha. Wangu niliuchora siku kumi na tano baada ya kununua. Muuzaji alikuwa akipokea malalamiko kwa siku kumi na nne.