Boraksi na asidi ya boriki kwa mbao zilizobunguliwa: zinafaa ndani ya nyumba tu

Kwa fanicha ya ndani iliyoanza kumwaga unga, dawa hii ya bei ndogo inaishinda kwa mbali oili chafu ya gereji ambayo mafundi wengi bado wanaipaka. Oili ile hubaki juujuu, haimfikii funza aliye ndani, na inaacha weusi na harufu. Ubaya zaidi, ikishapakwa, gundi haishiki tena na vanishi haikauki vizuri.

Kwanza mtambue mdudu. Matundu ya milimita 1 hadi 2 yenye unga laini kama poda ni ya mende mdogo aitwaye Lyctus, ambaye funza wake hula wanga uliomo kwenye sehemu nyeupe ya nje ya mninga au mvule. Kiini hakigusi. Ukikuta chembe ngumu zenye pande sita, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Choma kwa bisibisi: ikizama kwenye mguu wa kiti au kiungo, kata ubadilishe. Dawa inaua mdudu, hairudishi nguvu ya mbao.

Boraksi ni unga uleule sonara anaotumia kulehemu. Peke yake haitoshi, kwani kwenye maji ya kawaida huyeyuka takriban gramu 5 tu kwa mililita 100. Ikichanganywa na asidi ya boriki zinayeyuka nyingi zaidi. Weka gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki katika lita 5 za maji, pasha moto na koroga hadi maji yawe angavu. Tumia sufuria ambayo haitarudi jikoni, vaa glavu. Paka ikiwa bado vuguvugu: kwenye baridi ya Njombe chembe nyeupe hujikusanya chini ya ndoo, na kilichobaki juu kimepungua nguvu.

Kwangua vanishi yote kabla ya kupaka, kwa sababu dawa haipenyi ngozi ya vanishi. Paka mikono mitatu bila kuacha ikauke katikati, na matundu yapigie dawa kwa bomba la sindano. Lowesha pande zote mbili za ubao. Ukilowesha upande mmoja, ubao unajikunja. Kisha funika kwa nailoni siku tatu au nne. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoipa dawa muda wa kusafiri ndani wakati mbao bado ina maji. Ikishakauka kabisa, futa ukungu mweupe kwa kitambaa chenye maji ya moto, piga msasa namba 120 halafu 180, ndipo upake vanishi.

Tatizo kubwa ni gundi nyeupe ya mbao. Boraksi ikikutana nayo huigandisha papo hapo: unaisambaza kwa brashi, inavutika nyuzinyuzi kama bamia, na kiungo hakishiki. Gundisha viungo kwanza, utibu baadaye. Kama ubao umeshatibiwa, piga randa sehemu ya kiungo hadi ufike kwenye mbao safi.

Usiione dawa imeshindwa kwa sababu matundu mapya yanatokea miezi kadhaa baadaye. Sumu hii inaingia kwa kuliwa. Mdudu mzima anayetoka hamezi mbao, anatoboa tu apate njia. Ziba matundu ya zamani kwa nta ili yale mapya yaonekane. Yakiendelea kupita mwaka, rudia dawa.

Nje ya nyumba haifai: mvua huiosha, na kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini inaisha. Isitumike kabisa kwenye mwiko, kinu, ubao wa kukatia mboga wala kitanda cha mtoto anayeng'ata mbao, maana ikimezwa ni sumu.