Chombo cha tanga cha kununua na kulala ndani: ushauri kutoka Mikindani

Kila upepo wa kaskazi ukianza kulegea, hunijia mtu ufukweni Mikindani, karibu na Mtwara, kuniuliza anunue chombo gani: kiwe na tanga, aweze kulala humo siku tatu nne, na kisimmalize mfukoni. Mimi siangalii sana bei ya leo. Naangalia kitakula kiasi gani mwaka wa pili.

Cha kwanza kwangu ni mashua ya mbao ya mita 8 au 9, kwa sababu inatengenezeka hapahapa. Ubao ukioza, fundi anang'oa ule mmoja, anapigilia mwingine, anatia kalafati, yaani anaziba nyufa kwa pamba na mafuta. Bahari nayo inasaidia. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3: unaileta pwani maji yakiwa yamejaa, yakipwa inakaa mchangani, unakwangua magamba na mwani, unapaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, yakirudi unaelea. Hulipi winchi wala kreni. Ila usizembee. Kuna mdudu wa baharini anayekula mbao. Nje huacha kitundu kama cha pini, kumbe ndani ubao umekuwa sega la nyuki.

Hapo ndipo nilipoumia. Mashua yangu ya kwanza niliinunua ikielea, imepakwa rangi mpya ya bluu, nikapendezwa. Wiki ya pili niliamka usiku godoro limelowa, ngama, pale chini kabisa ndani ya chombo, imejaa, nikafua maji kwa upo mpaka alfajiri. Fundi alikuja na msumari wa inchi 6, akaugusisha kwenye ubao wa tatu kutoka mkukuni, ule uti wa mgongo wa chombo, ukazama mpaka kichwani bila nyundo. Tulibadilisha mbao saba, na gharama ikakaribia nusu ya bei niliyonunulia. Tangu siku hiyo, chombo chenye rangi mbichi nakikagua mara mbili.

Cha pili ni yoti ya faiba iliyokwishatumika. Kwa kulala hakuna kinachoishinda: kitanda, jiko, choo, na mdudu yule haiwezi. Lakini wenye yoti wana hesabu yao ya kukadiria, nami naiamini: tenga kama asilimia 10 ya thamani yake kila mwaka. Ukiinunua milioni 60, hiyo ni milioni 6, hata ikikaa tu nangani. Jua linakula matanga, chini inataka rangi maalumu ya kuzuia viumbe, betri zinakufa, na zile nyaya za chuma zinazoshika mlingoti hubadilishwa kila baada ya miaka 10 hivi. Vipuri vingi utaagiza mbali. Tena mkuku wake mrefu hauruhusu kuilaza mchangani kama mashua. Utaiegemeza kwenye nguzo imara, au uipeleke kwenye karakana ya yoti kama ile ya Kilifi, Kenya. Yenye matumbo mawili inakaa pwani vizuri, nayo ningeichagua kama fedha ipo.

Jahazi nimeliweka la tatu, ingawa nalipenda kuliko vyote. Tanga lake na foromali, boriti inayolishika tanga, havibebwi na mtu mmoja, kwa hiyo utalisha mabaharia mwaka mzima. Bila mzigo wa uhakika, usiliguse.

Ngalawa ni ya mwisho kwa anayetaka kulala chomboni, si kwa ubaya wake. Kwa kujifunza upepo hakuna mwalimu kama gogo lile na mirengu yake miwili, vile viegemeo vya pembeni.

Chochote utakachochukua, weka pembeni fedha ya usajili na ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini), maboya ya kuvaa, nanga ya akiba na mlinzi wa usiku unapolala nchi kavu. Maji ya kunywa na kupikia, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Mahali pa kutia nanga nakushauri ndani ya ghuba ya Mikindani. Mlango wake ni mwembamba na mawimbi ya upepo wa kusi hayaingii kwa nguvu. Lindi nako pazuri, ila mto Lukuledi unamwaga matope, upime kina kabla ya kulala.

Siku ya kukagua, njoo mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, saa nne hivi asubuhi, maji yamepwa kabisa. Beba tochi na msumari, uje na fundi wako, usitegemee wa muuzaji. Inameni chini ya chombo, muanzie mkukuni.