Wireshark kwa kusahihisha cheksamu: inafaa sana, ila iwashe kwanza

Ukiandika mwenyewe msimbo wa kukokotoa cheksamu ya IPv4 (namba ya kukagua kama kichwa cha pakiti ya mtandao kimeharibika), sijui msahihishaji wa bure anayeishinda Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti. Kasoro yake iko mlangoni: ukaguzi huo huja umezimwa, kila pakiti inaandikwa "unverified", na mtu anadhani amefaulu. Ingia Edit, Preferences, Protocols, IPv4, uweke tiki. TCP na UDP, itifaki zinazobebwa ndani ya IPv4, zina tiki zao.

Ukishawasha, usishtuke pakiti zinazotoka kwenye mashine yako zikijaa maandishi mekundu. Mara nyingi kadi ya mtandao ndiyo hujaza cheksamu, na Wireshark huinasa pakiti kabla kadi haijaifikia. Kwenye Linux zima kazi hiyo kwa ethtool -K eth0 tx off (eth0 ni jina la kadi), au nasa upande wa mpokeaji.

Uzuri wake ni kwamba haiishii kusema umekosea. Inakuonyesha na jibu lililotakiwa. Chukua kichwa hiki cha IPv4 cha baiti 20, kwa namba za heksadesimali (0x), nafasi ya cheksamu ikiwa sufuri:

4500 0054 1c46 4000 4001 0000 c0a8 0105 c0a8 0109

Jumla ya makundi hayo kumi ya biti 16 ni 0x264f9. Ile 2 iliyofurika nje ya biti 16 irudishe chini ujumlishe: 0x64fb. Geuza biti zote: 0x9b04. Msimbo wako ukitoa 0x9b06, umeitupa ile 2, yaani umejumlisha ndani ya uint16_t (biti 16) badala ya uint32_t (biti 32). Ukiona 0x049b, umegeuza mpangilio wa baiti upande mmoja tu, ama wakati wa kusoma ama wakati wa kuandika. Tofauti hizi mbili peke yake zinatosha kuipa Wireshark nafasi mezani.

Isichokupa ni hatua za katikati. Ukisoma baiti kwa char yenye alama ya chanya au hasi (signed), 0xc0 hugeuka 0xffffffc0 na jibu linatoka la ovyo, bila fununu yoyote. Tumia uint8_t, na uchapishe jumla kila unapoongeza biti 16. Kurudisha kilichofurika nako kufanye kwa kitanzi: 0x1ffff ukiirudisha mara moja inakuwa 0x10000, bado imefurika.

Kwa UDP kuna kosa ambalo haitalikamata. Hesabu ikitoka 0x0000, unatakiwa kutuma 0xffff. Kwenye IPv4 sufuri humaanisha cheksamu haikuwekwa. Ukituma sufuri, Wireshark inaipita kimya, kwa hiyo jaribio hilo liandike mwenyewe.