Kopo lilifika, keki hazikufika

Nyota moja kwa huyu wakala wa mizigo, na hiyo moja nimebana meno.

Nilikuwa namtumia mdogo wangu aliye Minnesota kifurushi kutoka hapa Guangzhou, siku zile za kuelekea Sikukuu ya Katikati ya Vuli ya Wachina. Keki nne za mwezi: ndani rojo la mbegu za yungiyungi, na katikati kiini cha yai la bata lililolazwa kwenye chumvi. Ukiikata, kile kiini kinang'aa rangi ya chungwa kama mwezi mpevu, mafuta yanalowesha kisu. Alinipa mama mwenye nyumba wangu. Akasema mpelekee mdogo wako, asikae sikukuu mikono mitupu.

Nikaenda kwa wakala mmoja wa mizigo kule mtaa wa Xiaobei. Nikafungua kopo mbele ya kijana wa kaunta. Nikamuuliza, kwa Kichina changu cha kuombea maji, yai linapita Marekani? Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mei wenti." Hamna shida. Kwenye fomu akaandika biskuti, akagonga muhuri, akapokea hela iliyozidi thamani ya keki zenyewe.

Wiki kadhaa baadaye mdogo wangu akanitumia picha. Kopo tupu, Chang'e, yule bibi wa mwezini wa hadithi za Kichina, na sungura wake wapo kwenye mfuniko, ndani karatasi ya forodha. Majani ya chai niliyochomeka pembeni hayakuguswa.

Forodha siwalaumu. Wanaogopa mafua ya ndege na mdondo, ule ule unaomaliza kuku wa bibi kijijini, na yai linaweza kuubeba. Za nyama ya nguruwe ndiyo kabisa usijaribu, maana homa ya nguruwe iliingia China mwaka 2018. (Wanaiita ya Kiafrika, na kweli ilielezwa kwanza Kenya, mwaka 1921.)

Kilichonichoma ni niliporudi pale kaunta. Kijana akaiangalia picha, akacheka. "Za mayai huwa wanachukua. Ungeweka za maharage." Huwa! Kumbe alijua! Alijua wakati anaandika biskuti, alijua wakati anahesabu hela yangu. Nikamwambia ungenieleza. Akasema sikuuliza vizuri.

Nisiwe mchoyo wa haki: kifurushi kilikwenda upesi, wala kopo halikubonyea. Ukiwa na nguo au majani ya chai, sijui, labda watakufaa. Nilitaka hata kupandisha ziwe nyota mbili. Halafu nikakumbuka kile kicheko. Hapana, moja inatosha, na ni ya kopo.

Mama mwenye nyumba kila tukikutana kwenye ngazi ananiuliza mdogo wangu alizionaje. Nimemwambia alivipenda sana viini. Sasa anasema mwakani tutume nane.