Tube Driver ya B.K. Butler kwenye harusi za Mtwara

Wapiga gitaa wengi wa huku kusini tumezoea pedali, yaani viboksi vya kubadilisha sauti ya gitaa kwa mguu, vile vidogo vya betri ya volti 9. Unachomeka, unakanyaga, sauti inakwaruza, kazi inaendelea. Hii ninayoieleza hapa ni habari nyingine kabisa. Ni boksi pana la chuma lenye waya wake wa umeme wa ukutani, na ndani yake kuna valvu halisi, kile kichupa cha kioo kilichokuwamo kwenye redio kubwa za wazee wetu. Inaitwa Tube Driver, aliyeibuni ni Mmarekani B.K. Butler, na ilianza kujulikana miaka ya 1980. David Gilmour wa Pink Floyd na Eric Johnson wa Texas wameitumia, na sauti zao ndizo zilizonifanya niitafute. Shemeji yangu anayeishi Marekani alininunulia iliyokwisha kutumika. Ukijumlisha usafiri na ushuru, ilinitoka zaidi ya shilingi milioni moja. Kwa mtu anayepiga solo kwenye bendi ya harusi, hiyo ni hela ya kufikiria mara mbili.

Nianze na kile kilichonifanya niipende. Pedali hii inasikia mkono. Ukigusa uzi kwa upole, sauti inatoka safi, imenenepa kidogo tu. Ukiongeza nguvu kwenye piki, kile kipande cha kukwanyulia nyuzi, inaanza kunguruma, na kadiri unavyokaza ndivyo inavyofoka. Ukishusha volyumu ya gitaa lenyewe, mngurumo unaondoka, unabaki na sauti safi ya kupigia ridhimu bila kukanyaga chochote. Pedali nyingi za bei ndogo nilizopitia hazifanyi hivyo. Ukishusha volyumu, sauti inapungua lakini uchafu unabaki palepale.

Sababu iko kwenye namna sauti inavyozidiwa humo ndani. Pedali nyingi za kawaida za distosheni, yaani za kukwaruza sauti, hukata wimbi la sauti ghafla, juu na chini sawasawa, ndiyo maana sauti inakuwa kavu. Valvu ikizidiwa hulibana wimbi taratibu, na hulibana upande mmoja zaidi ya mwingine. Wapo wanaolalamika kwamba Tube Driver si valvu tupu, na ni kweli: mbele ya valvu kuna chipu inayokuza sauti, na valvu yenyewe inalishwa volti chache kuliko ile iliyo ndani ya amplifaya kubwa. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Chukua noti moja juu kwenye freti ya 12, ibane, iache ififie yenyewe. Inaanza kwa kunguruma, katikati ukali unayeyuka, mwishoni unasikia uzi mtupu unaotikisika. Hakuna mahali inapokatika. Hapo ndipo nilipoona hela yangu ilikokwenda.

Vitufe vya kuzungusha viko vinne: Out Level (ukubwa wa sauti inayotoka), Hi (sauti kali), Lo (besi) na Tube Drive (kiasi cha mngurumo). Kwenye dansi kitufe cha Tube Drive usikifikishe hata nusu. Gitaa la solo kwetu lazima kila noti ijitegemee, maana mchezaji anafuata vidole vyako. Ukiikoroga sauti kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, watu wanarudi kwenye viti. Mimi naweka Tube Drive robo, Lo nusu, Hi chini kidogo ya nusu kwa sababu gitaa langu lina pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja, tayari lina ukali wake. Kiongozi wetu wa bendi ni mzee aliyekulia kwenye bendi za dansi za zamani, Msondo na Sikinde, hataki kulisikia hata neno distosheni. Tulipokuwa mazoezini Chikongola alinisikiliza nyimbo kadhaa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umebadilisha ampli?" Nikamwonyesha boksi chini. Akainama akalitazama, akasema niliache hapohapo, nisiguse kitufe.

Ukiifungulia yote, inakuwa distosheni kamili ya roki, nzito na yenye mkia mrefu. Nimeitumia hivyo kwenye mahafali ya vijana wa chuo, walipotaka kitu cha kelele, na ilitosha kabisa. Kule juu kabisa kuna mvumo na mchuruziko nyuma ya noti ukiacha kupiga, kama ilivyo kwa kifaa chochote kinachokuza sauti kiasi hicho. Funga volyumu ya gitaa kati ya nyimbo.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mpiga gitaa wa Mtwara na Lindi alielewe kabla hajatoa hela. Harusi zetu nyingi, gitaa linachomekwa moja kwa moja kwenye miksa ya mwenye muziki. Usifanye hivyo na pedali hii. Spika ya gitaa haipandishi sauti kali. Ikifika kama kHz 5 inaanza kuziacha. Spika za ukumbini zina twita, spika ndogo ya sauti kali, inayopanda karibu na kHz 20, kwa hiyo makwaruzo yote ambayo ampli ya gitaa ingeyameza yanatoka nje, na unasikia nyuki ndani ya debe. Pedali haina kosa, ni njia uliyoipitishia. Beba ampli yako hata ikiwa ndogo, iweke maiki mbele, hiyo maiki ndiyo iende kwenye miksa. Yangu ni ya transista, wati 60, haina jina kubwa, na Tube Driver imeipa unene ambao haikuwa nao. Kama kubeba ampli kwenye bodaboda hadi Mikindani ni shughuli usiyoiweza, tafuta kwanza kifaa cha kuigiza spika ya gitaa, au achana na pedali hii kwa sasa.

Jambo la pili ni umeme. Yangu ilitengenezwa kwa soko la Marekani, inakula volti 120. Ukuta wa Tanzania una volti 230. Ukiichomeka hivyohivyo unaunguza transfoma yake ya ndani. Nimeagiza Kariakoo transfoma ya kushusha umeme, ya wati 100, ambayo ni kubwa kuliko inavyohitajika kwa sababu pedali inakula umeme mdogo sana. Tafuta yenye koili mbili zilizotenganishwa na yenye waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, unaofanya kazi kweli. Zile za bei chee zenye koili moja hazikutenganishi na umeme wa ukutani, na wewe mpiga gitaa umeshika nyuzi za chuma usiku kucha. Mvumo wa chini niliokuwa nikiusikia nao ulipungua nilipopata transfoma nzuri. Kabla ya transfoma natanguliza stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, maana umeme ukirudi baada ya kukatika mara nyingine unarudi kwa kishindo.

Na utakatika. Kuna harusi tulipiga Shangani, msimu ule korosho zikishalipwa na shughuli zinafuatana, umeme ukaondoka katikati ya wimbo wa maharusi kuingia. Jenereta ikawashwa haraka, ngoma na kinanda vikarudi papo hapo. Mimi nikawa kimya. Valvu inahitaji nyuzi zake za ndani zipate moto kabla ya kutoa sauti, na muda huo, ingawa ni mfupi, ukiwa jukwaani mbele ya bibi harusi aliyesimama mlangoni ni mrefu sana. Tangu hapo nimeweka swichi ndogo pembeni inayopeleka gitaa moja kwa moja kwenye ampli bila kupitia pedali. Umeme ukirudi naigeuza, napiga safi, pedali ikishapata moto narudi kwake. Swichi ya namna hiyo fundi yeyote wa redio anaweza kukutengenezea, ni jeki chache na swichi moja.

Valvu yenyewe ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, kwa hiyo ukiona jina lolote kati ya hayo mawili ni kitu kilekile. Bado zinatengenezwa, JJ ya Slovakia ni moja ya kampuni zinazozitoa. Nina ya akiba kwenye mfuko wa gitaa, imefungwa kwa kitambaa. Usafiri wa bodaboda kwenye barabara mbovu unaweza kuilegeza au kuiharibu, na kuipima ni rahisi: ampli ikiwa imewashwa, gonga boksi la pedali taratibu kwa mpini wa penseli. Ukisikia kishindo kidogo kilichokufa, sawa. Ukisikia mlio wa kengele kwenye spika, valvu imechoka. Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna chumvi pia ya kuangalia. Miguu ya valvu na soketi yake hushika kutu nyembamba, sauti ikaanza kupasuka na kukatika. Chomoa waya wa umeme, subiri ipoe, ing'oe kwa kuivuta wima, futa miguu, irudishe.

Na hapa kuna utamu ambao pedali za chipu tupu hazina. Unaweza kuondoa 12AX7 ukaweka 12AU7, miguu inaingia vilevile. Ya kwanza hukuza sauti kama mara 100, ya pili karibu mara 20 tu. Niliijaribu kwa ajili ya kwaya ya kanisani, na kitufe cha Tube Drive kikawa na nafasi kubwa zaidi ya kuzungushwa kabla sauti haijachafuka. Kwa nyimbo za kuabudu na kwa taarabu ningeanza na hiyo.

Kama unaagiza mpya, uliza kwanza kama unaweza kupata ya volti 230 kabla ya kutuma hela, utaokoa gharama ya transfoma na uzito wa kuibeba. Mimi yangu siiuzi. Vijana wawili wa Ligula wamekwisha kuniulizia bei, nimewaambia waje mazoezini na magitaa yao, waipige kupitia ampli yangu, kisha waamue.