Regulata ya presha ndogo kwenye sanduku linalovuja: miezi 7 ya kuitumia hapa Tudor, Mombasa

Karakana yangu iko Tudor na kazi yangu kubwa ni taa: tochi za wavuvi wa kamba na taa za mashua, nyingi zikiletwa kutoka Mji wa Kale zimejaa maji ya chumvi. Nikishazikausha na kubadilisha raba, siziamini kwa macho. Nazitia kwenye beseni la maji ndani ya sanduku la chuma, nafunga kifuniko na kujaza upepo mpaka presha ya 20 kPa (kilopaskali), ambayo ni sawa na kuizamisha taa mita 2 hivi. Nusu saa. Alama ya kuzuia maji ya IPX7 inayoandikwa kwenye maboksi inataka mita 1 kwa dakika 30. Mimi huongeza mita, kwa sababu mwenye taa anatoka nayo usiku, nje ya mwamba, na mara nyingi hana nyingine.

Shida yangu ya miaka ni kwamba sanduku linavuja. Taa lazima ziwe zinawaka wakati wa jaribio, kwa hiyo nyaya sita zinapita kwenye kifuniko. Nilizizungushia silikoni, nikabadilisha raba ya kifuniko mara mbili, nikapaka maji ya sabuni kila pembe. Geji ikaendelea kushuka. Siku moja nikaona povu dogo linatoka kwenye ncha ya waya, mezani, nusu mita kutoka kwenye sanduku. Upepo ulikuwa unasafiri ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi za shaba, chini ya ganda la plastiki. Hapo nikaacha kupigana na uvujaji, nikaanza kutafuta regulata, yaani kifaa cha kushika presha, itakayolilisha sanduku upepo kwa kipimo kile kile unaotoka.

Regulata niliyokuwa nayo ni ile ya kupakia rangi, ya bar 0 hadi 10. Bar 0.2, ndiyo 20 kPa yangu, kwenye geji yake ni kama unene wa mshale. Nikiiweka asubuhi kwenye 20 kPa, adhuhuri nakuta 14, na nikibana nyaya vizuri inapanda hadi 26. Kisha nikajaribu elektroniki: kihisi cha presha, solenoidi (vali ya umeme) na kadi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuviongoza. Kufungua na kufunga tu kuliifanya presha icheze kati ya 17 na 24. Nikaifanya ifungue vali kwa vipigo vifupi, kulingana na upungufu uliopo. Ikatulia, lakini kwenye 18.5, na haikupanda tena. Nilikesha na jambo hili mpaka nikaelewa: sanduku linavuja muda wote, kwa hiyo vali lazima iwe inafunguka kidogo muda wote, na yenyewe hufunguka pakiwa na upungufu tu. Basi upungufu haumaliziki. Dawa yake ni kuipa kadi kumbukumbu, iwe inajumlisha upungufu uliopita na kuongeza upepo taratibu mpaka 20 ifike. Ilifanya kazi. Lakini umeme ukikatika katikati ya jaribio, solenoidi inafunga na nusu saa yote inaanza upya.

Ndipo nikaenda Shimanzi, kwenye duka la vifaa vya upepo. Mama anayeuza pale hakukimbilia kabatini. Aliniuliza, "Fundi, wataka kupunguza upepo au wataka kuushika?" Nikamweleza habari za waya. Akatoa regulata ya usahihi, akanionyesha namba za ubavuni: 0.005 hadi 0.2 MPa. Kwangu namba hizo zina uzito kuliko jina la kampuni. 20 kPa ni 0.02 MPa, kwa hiyo kazi yangu imo ndani ya kipimo chake na kitasa kinazunguka vya kutosha kabla presha haijabadilika. Nililipa Sh14,500, akaniruhusu niirudishe baada ya siku mbili nisiporidhika.

Sikutaka kuiamini geji iliyokuja nayo. Nilichukua mpira mwangavu, nikautundika ukutani kwa umbo la U, nikatia maji na kuunganisha ncha moja kwenye sanduku. Kwa 20 kPa tofauti ya vimo viwili vya maji inatakiwa iwe sentimita 204. Nilipata 202. Kitu hicho hakina betri wala hakizeeki, na nawashauri mafundi wote wawe nacho.

Jambo moja halikuandikwa kwenye karatasi ya regulata. Mwanzo nilifunga geji kwenye mpira uleule unaopeleka upepo. Ikasoma 20, sanduku likiwa na 18, kwa sababu upepo unaopita kwenye mpira mwembamba hupoteza presha njiani. Toboa tundu la pili kwenye sanduku kwa ajili ya geji peke yake.

Inavyoshika, nimeridhika kabisa. Nikichomoa waya mmoja katikati ya jaribio, geji inashuka hadi 19.4 na kukaa hapo hapo. Jua la saa tisa likipiga bati na hewa ya ndani ikapanda joto nyuzi moja, presha ingeongezeka karibu 0.4 kPa. Regulata hii huachia ziada kimya kimya, jambo ambalo solenoidi yangu ya kuingiza tu haikuweza.

Gharama yake ni upepo. Ndani ina kijitundu kinachopumua muda wote, ndicho kinachoipa wepesi wa kuhisi, na kompresa yangu sasa inawaka mara nyingi zaidi. Kijitundu hicho hakitaki maji wala kutu, na hewa yetu ya pwani inajaza tangi maji kila siku. Nilinunua kichujio na mtego wa maji kwa Sh3,200, na namwaga tangi kila jioni. Mama yule angeniambia hili kabla sijalipa, ningekuja na pesa kamili.

Msiache vali ya usalama. Kifuniko changu ni sentimita 40 kwa 50, na 20 kPa inakisukuma kwa nguvu ya kilo 400 hivi. Yangu imewekwa ifunguke kwenye 30 kPa.

Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya kichujio. Kaskazi ikianza na bahari ikatulia, tochi zitakuwa nyingi, na nimeshamwomba Mama yule aniwekee regulata ya pili kwa ajili ya sanduku kubwa.